Tangi la Mramba Halivuji

Mramba hapendi magari, nami siwapendi wenye magari, na kwa sababu hiyo tumekaa ua mmoja miaka kumi na mmoja bila kugombana. Yeye hutengeneza matangi ya mafuta ya boti. Mimi ni fundi wa waya za magari, jina langu Charo. Ua wetu uko Ukunda, nyuma ya duka la saruji. Kibanda chake kiko upande wa kivuli na changu upande wa jua, kwani yeye alifika kwanza.

Ni mtu wa Msambweni, miaka sitini na kitu, mfupi, ana jicho moja linalotoa machozi kwa ajili ya kuutazama moto wa kulehemu siku za ujana wake, alipokuwa hana hata miwani. Hula peke yake, sima na papa mkavu, na hamkaribishi mtu. Zamani alikuwa baharia katika boti iliyokuwa ikipeleka watalii kisiwani Funzi. Siku moja tangi la kutu lilivuja chini ya mbao za sakafu, mtu akawasha sigara. Mdogo wake Mramba, akiitwa Chome, hakutoka. Kisa hiki hakusimulii. Nimekisikia kwa wengine. Alichokifanya yeye ni kuacha ubaharia na kwenda kujifunza kulehemu.

Sasa tangi lake likiisha halitoki uani mpaka alijaze upepo kwa pampu ya baiskeli, alizamishe katika hodhi la maji, akae juu ya kibao kulitazama kama mtu anayelinda maiti. Kiputo kimoja kikipanda, hulikata lote na kuanza upya. Lisipotoa kitu, hulipiga alama tatu za msumari karibu na mdomo, na hapo ndipo huwa tangi. Kuanzia Gazi mpaka Funzi, manahodha hupitisha kidole gumba mdomoni mwa tangi kabla ya kuuliza bei. Wakizikuta zile alama tatu, hawaulizi tena swali jingine. Mramba hana nyumba ya mawe, hana shamba la maana, wala hana mtoto aliyesoma akafika mbali. Ana alama tatu za msumari.

Ukimwuliza kwa nini hafanyi kazi ya magari, atakwambia, "Gari likizimika unashuka, ukaenda kwa miguu. Boti ikizimika, utashuka uende wapi?"

Bibi yangu mzaa baba alikuwa wa ukoo wao, kwa hiyo kwa hesabu za kwetu Mramba ni babu yangu, na babu na mjukuu wana haki ya kutukanana. Kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo, babu." Naye badala ya marahaba alikuwa akiniambia, "Hujafa tu, mla shoti?" Nami namjibu, "Nikifa utazikwa na nani, mzee wa mabati?" Hapo hucheka mpaka lile jicho lake likafurika, ndipo tunaanza kazi.

Mtu aliyekuja kutuharibia ni Fondo.

Fondo ni wa Kwale mjini, ameajiriwa katika ofisi moja Matuga, ofisi ya kugonga mihuri, ingawa ukimsikiliza utadhani wilaya nzima hailali mpaka yeye aseme. Ana Subaru ya buluu, bomba lake la moshi lina mdomo mpana kama sufuria ya pilau. Nyuma ina bawa, lile la magari ya mashindano, na siku moja nimeona kwa macho yangu mawili mkewe, Cynthia, amelianikia taulo la mtoto. Gari lenyewe kazi yake ni kumpeleka Cynthia kazini, watoto shuleni, na bwana mkubwa kwenye mihuri yake. Jioni linarudi na unga na gesi ya kupikia. Kelele zote zile, kwa mfuko wa unga.

Ila kila baada ya miezi miwili Fondo na wenzake hukutana karibu na Ramisi, kwenye barabara moja ya miwa iliyonyooka, wakashindana wawili wawili. Fondo hajapata kushinda. Mtu mwenye akili angejiuliza kuhusu dereva. Yeye aliamua kwamba kasoro iko kwenye petroli.

Kuna mafuta ya mashindano, yanakuja kwa pipa kutoka Nairobi, yana harufu tamu inayopanda kichwani. Ni ghali mno kuyachoma kwenda Matuga kugonga mihuri. Kwa hiyo Fondo alitaka tangi la pili ndani ya buti: petroli ya kawaida ibaki katika tangi la kawaida kwa safari za kila siku, na mafuta ya resi yakae katika tangi la pili, yakingoja swichi. Alikuja uani Jumatatu moja, akasimamisha gari karibu tuingie sote chini yake, akashuka bila ya hodi wala salamu.

"Mzee," akamwambia Mramba, "boti zenu si huwa na matangi mawili?"

"Huwa nayo. Kubwa na la akiba."

"Basi nami nataka vivyo hivyo. Simple tu."

"Mimi sifanyi magari, mwanangu."

Hapo Fondo akajua pa kumpapasa. Akasema, "Nimeambiwa pwani hii yote ya kusini hakuna tangi lisilovuja ila lako."

Mramba akalifuta jicho lake. Niliziona zile sifa zikimwingia kama maji kwenye mchanga. Mzee aliyewafukuza wenye malori, aliyewakatalia watu wa hoteli, akainama kupima buti ya Subaru kwa kamba. Kusema kweli, nilimdharau kidogo siku ile. Nilisema moyoni, kumbe na wewe babu ni wa kusifiwa tu.

Kisha Fondo akanigeukia mimi. "Na wewe fundi wa taa, utaunganisha waya mbili tatu, pampu na swichi. Usifikirie sana. Kufikiri nimekwisha kufikiri mimi." Akanirushia funguo. Zilipita begani, zikaanguka mchangani. Angeweza kuniomba radhi, lakini alikuwa ameshaitoa simu anaitazama. Nikainama nikaziokota, mtu mzima mwenye mke na watoto.

Mramba alichukua siku tisa. Alitengeneza tangi la aluminiamu, lita ishirini na tano, ndani akalitia kuta ndogo ili mafuta yasiende kombo gari likikata kona, kama anavyofanya kwa ajili ya mawimbi. Mishono yake ilikuwa myembamba na imenyooka, hata mimi nisiyependa kusifu nilipitisha mkono juu yake mara mbili. Likalala hodhini kutwa nzima. Halikutoa hata kiputo. Akalipiga alama zake tatu, akalifunga ndani ya buti, akavuta bomba lake mpaka likakutana na bomba linalopeleka petroli kwenye injini. Moja lifungwe, jingine lifunguliwe, ndivyo boti za matangi mawili zinavyokwenda.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo, nalo si gumu. Mashine ya boti za huku kwetu hunywa inachopewa na hairudishi kitu. Mpira mmoja unatoka kwenye tangi kwenda kwenye mashine, basi. Gari kama lile la Fondo si hivyo. Pampu yake husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyoweza kutumia, na yanayobaki hurudi kwenye tangi kwa mpira wa pili. Ukibadilisha tangi la kunywea, ni lazima ubadilishe na tangi la kurudishia. La sivyo injini itachota katika tangi la pili na kumwaga mabaki katika tangi la kwanza, mpaka la pili likauke.

Mramba hakujua. Angejulia wapi? Maisha yake yote ameyapitisha na mashine zisizorudisha. Fondo, aliyekwisha kufikiri, hakujua pia. Mimi nilijua. Nililala chali chini ya gari nikipitisha waya za pampu, nikauona ule mpira wa kurudisha umekwenda zake moja kwa moja kwenye tangi la zamani, hakuna aliyeugusa. Nikautazama. Nikaona kitakachotokea: Fondo atabonyeza swichi, mafuta yake ya Nairobi yatakimbilia tangi la unga na gesi, na katikati ya mashindano gari litakohoa na kuzimika mbele ya watu wote.

Nikanyamaza. Nikafunga waya zangu vizuri, nikaweka swichi nyekundu pale alipotaka, nikampa funguo mkononi, kwa adabu.

Tena niliisubiri siku ile kama sikukuu. Nilipanda bodaboda mpaka Ramisi, mimi ambaye siwezi kutoa nauli kwenda harusi ya binamu. Ilikuwa Jumapili tarehe kumi na nne, na kila Mkenya mwenye gari anajua tarehe kumi na nne usiku bei ya petroli hutangazwa upya. Asubuhi yake watu hujaza matangi mpaka mdomoni, iwapo itapanda. Fondo naye alikuwa amejaza. Jambo hilo mimi sikulipigia hesabu.

Mashindano yalikuwa yaanze saa nne. Saa nne na nusu tukaambiwa tumngoje mgeni rasmi. Sijui mgeni rasmi wa nini, barabara ya miwa na vijana kumi na wanne wenye magari ya mkopo, lakini kwetu hata choo kikijengwa hakitumiki mpaka aje mgeni rasmi. Magari yakapangwa foleni kando ya barabara, juu ya majani makavu ya miwa. Karibu na nyuma ya gari la Fondo alikuwepo Jemima, mama mmoja wa Ramisi anayekaanga viazi karai, na jiko lake la makaa. Nilikuwa nimenunua kwake viazi vya kutosha, nikakaa pembeni kungojea burudani yangu.

Fondo hakuweza kungoja. Alikuwa ameshabonyeza swichi nyekundu, gari limesimama linanguruma, ili watu wainuse ile harufu tamu na kumwuliza. Walimwuliza. Alieleza kwa mikono yote miwili, matangi mawili, teknolojia, mambo ya Ulaya. Robo saa nzima pampu ilifanya kazi yake, ikichota nyuma na kumwaga kwenye tangi ambalo lilikuwa limejaa tangu asubuhi.

Jemima ndiye aliyeinusa petroli kwanza. Mama yule hakupiga kelele. Alilitua karai chini, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akayamwaga yote juu ya makaa, ndipo akasema, "Gari lako linakojoa, baba." Tukaangalia. Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye kifuniko cha tangi la zamani, yanateremka kando ya gurudumu la nyuma mpaka kwenye majani makavu, hatua tatu kutoka pale moto ulipokuwa. Nilikuwa nimekuja kuona mtu akiaibika. Sikuja kuona watu wakiungua.

Wakakimbia, wakarudi, wakalisukuma gari mbali na majani. Injini ikakohoa mara mbili ikazimika, kwa kuwa tangi la pili lilikuwa limekauka. Fondo alishuka, akafungua buti, akalipiga tangi la Mramba teke. "Linavuja! Mzee wa boti alitaka kuniua!" Hakulitazama hata sekunde moja, maana angelitazama angeliona ni kavu kama jiwe. Mtangazaji, kijana mwenye kipaza sauti ambaye tangu asubuhi hakuwa na la kutangaza, akalidaka. "Tangi la fundi wa boti wa Ukunda limevuja, jamani, kaeni mbali!" Akalisema mara nne. Watu wakapiga video. Mgeni rasmi akaingia wakati Subaru ya buluu inavutwa na trekta la miwa, akaipungia mkono akidhani ni sehemu ya sherehe.

Siku nyingine ningecheka mwaka mzima. Lakini video ile ilifika Msambweni kabla trekta halijamfikisha Fondo kwenye lami.

Jumatatu Salimu alipiga simu. Salimu ni nahodha wa Funzi, ana boti tatu, na alikuwa amemwagiza Mramba matangi sita mapya. Mramba huweka simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote. "Shikamoo, mzee wangu. Umeamkaje? Wa nyumbani hawajambo? Alhamdulillahi. Ah, yale matangi, mzee, tusubiri kidogo kwanza, inshallah." Ukiwa mgeni utadhani ameahirisha. Sisi wa huku tunajua: mtu akikukatalia kwa ukali, kesho mtapatana. Akikukatalia kwa adabu namna ile, amefunga mlango na kuweka kitasa. Kabla ya Jumatano watu wawili walikuwa wameyarudisha matangi ya zamani, yenye miaka sita na saba, wakiomba kwa heshima yatazamwe tena. Mramba aliyapokea. Aliyapanga ukutani, akayazamisha moja moja.

Fondo naye alikuja, akalitupa tangi lake mlangoni. "Chukua debe lako," akasema, akaondoka. Mpaka leo anakwenda nalo Matuga lile gari, na ile swichi nyekundu iko pale pale haina kazi, na akipakia mtu humwambia asiiguse.

Mramba aliliokota tangi, akalifuta mchanga, akalijaza upepo, akalizamisha. Lilikaa humo siku mbili. Alikuwa akiinuka kwenye kazi nyingine anakwenda kulitazama. Siku ya tatu akaniita.

"Charo, njoo utazame. Macho yangu siku hizi siyaamini. Waona kitu?"

"Sioni kitu, babu."

"Basi ile petroli ilitoka wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimelitayarisha lile "sijui" tangu Jumapili. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu na lile jicho lake linatiririka, anangoja jibu la mtu anayemwamini. Nikachukua msumari wake nikachora mchangani: bomba linalokwenda, mpira unaorudi. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Magari haya hurudisha?"

"Hurudisha."

"Na huu mpira, ulikuwepo chini ya gari?"

"Ulikuwepo."

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Siku gani?"

"Siku niliyopitisha waya."

"Ungenambia, ningeuvuta mpaka kwenye tangi la pili. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja."

Nikamwambia, "Fondo alinitupia funguo mchangani." Nikajisikia mwenyewe nikilisema, na lilikuwa neno la mtoto wa madrasa aliyenyang'anywa mpira.

"Na mimi," Mramba akauliza, "nilikutupia nini?"

Nikamrudishia msumari wake. Akaliinua tangi kutoka majini. "Kesho tutakwenda Funzi."

Tulikwenda. Tulivuka kutoka Bodo, tangi limekaa mapajani mwake kama mtoto mchanga. Tulimkuta Salimu anapaka rangi boti. Walisalimiana kirefu, kisha Mramba akaliweka tangi mbele yake na kurudi nyuma hatua mbili. Nikajua kusema ni kwangu.

Nilisema yote. Mabaharia wawili waliacha kupiga msasa wakasikiliza. Salimu alipitisha kidole gumba juu ya zile alama tatu, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Kwa hiyo halikuvuja."

"Halikuvuja."

"Na wewe ulijua mafuta yatakimbilia upande wa pili."

"Nilijua. Nilidhani gari litazimika tu. Sikujua kama lile jingine limejaa."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Akamgeukia Mramba, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nisamehe, mzee wangu. Matangi ni sita, kama tulivyosema. Na video yangu nitapiga mimi mwenyewe, hapa hapa, nikiwa nalo hili mkononi." Kisha akaniangalia mimi. Miaka minne nimefunga taa na pampu za boti zake zote tatu. "Ahsante kwa kuja, Bwana Charo," akasema kwa upole. "Waya za boti zangu, inshallah tutatafuta mtu."

Baharia mmoja akatuletea madafu. Mramba akanywa lake. Mimi langu nililishika tu.

Asubuhi ya pili nilifika uani mapema kuliko siku zote. Nilifungua kibanda, nikapanga waya zilizokuwa zimepangwa tayari. Mramba alipokuja nilimwendea.

"Shikamoo, babu."

Nikangoja. Nilitaka aniulize kama sijafa. Nilitaka anitukane mimi na ukoo wangu mpaka saa sita.

Aliweka chini mfuko wake, akanigeukia vizuri, kama mtu anavyomgeukia mgeni.

"Marahaba, Bwana Charo. Umeamkaje?"

"Salama."

"Na wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Tunashukuru Mungu." Akaingia kibandani mwake, akawasha mtambo wa kulehemu.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Hajakosa hata siku moja kuniitikia.